Gusa Mpaka Ipige Makofi

Jumatatu, 9 Juni
Kutoa tena. Chelewa mezani, zile njiti za ufagio wa mnazi, vitita vya kumikumi, vimefungwa kwa mpira. Kadzo leo kafanya mwenyewe: arobaini na mbili toa kumi na saba. Alipoona mbili hazitoshi, akafungua kitita kimoja, akahesabu polepole. Ishirini na tano! Mtoto huyu tangu mwaka uanze nikisema "toa" analia. Nimefurahi mpaka chai ikanipolea.

Jumanne, 10 Juni
Tableti zimetolewa stoo. Wageni wa mradi uliozileta waja wiki ijayo, na Mwalimu Mkuu ataka hesabu zote zifanyiwe humo. Haya. Mimi si adui wa mashine, kikokotoo natumia mwenyewe. Lakini mtoto kwanza ajue anauliza nini.

Tableti yaleta swali na majibu manne. Ukigusa la sawa, inapiga makofi. Ukikosea inanyamaza, inakungoja uguse jengine.

Alhamisi, 12 Juni
Washaijua dawa yake. Swali hawalisomi. Wanagusa hili, wanagusa lile, mpaka ipige makofi. Gredi ya Tatu nzima inadonoa kama kuku. "Mwalimu, nimepata zote!" Umepata nini, mwanangu?

Kadzo naye yumo. Nikamuuliza mbona hahesabu. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, si yenyewe inajua?"



Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda ofisini. Mwalimu Mkuu kanionyesha kwenye kompyuta yake: darasa langu kijani juu mpaka chini, hakuna aliyefeli. Nikamweleza kwamba chombo kinaandika jibu la mwisho tu, hakijui mtoto kabahatisha mara ngapi. Akacheka. "Bi Mwanaisha, wewe nawe! Wenzio wanalilia matokeo kama haya." Kisha akaacha kucheka. Akasema wageni wakiona hatuzitaki, tableti zitapelekwa skuli nyengine, na lawama atabeba nani?

Nimetoka nimejichukia.

Jumatatu, 16 Juni
Wallahi leo nimetaka kupiga kelele.

Usafi wa kungojea wageni. Naingia darasani, kikapu cha chelewa hakipo. Zimechomwa na taka nyuma ya vyoo. Amri ya Mwalimu Mkuu: darasa la kisasa haliwekwi vijiti. Watoto walizichonga wenyewe, wakazileta kutoka makwao, Mtopanga na Mishomoroni. Nimekuta jivu na vipande vya mpira.

Sikupiga kelele. Nimeingia, nimegawa tableti.

Jumatano, 18 Juni
Wageni wamekuja. Makofi ya tableti darasa zima, picha, vicheko. Mwalimu Mkuu anang'ara.

Mgeni mmoja, mama mpole, kaandika ubaoni 42 − 17, akampa Kadzo chaki. Hesabu ile ile! Nikasema kimoyomoyo, atakumbuka huyu, aliifanya kwa mikono yake.

Kadzo akaiweka chaki chini. Akanyoosha kidole, akagusa ubao. Akangoja. Akagusa chini kidogo. Akangoja tena. Akageuka kunitazama.

Wageni wakacheka, wamempenda. Wakampigia makofi.

Uso ukamfunguka. Akarudi kukaa, anajua amepata.

Jumamosi, 21 Juni
Nimepita Kongowea kununua mboga. Mamake Kadzo anauza mchicha pale. Kaniamkia kwa heshima zote, akanishika mkono. "Mwalimu, mwanangu sasa ajua kompyuta. Mungu akuweke." Akanizidishia fungu la mchicha, hakutaka nikatae. Nikasema ahsante.

Nyumbani nimefungua ufagio wangu, nikahesabu chelewa, nikafunga vitita vya kumikumi. Ndipo nikakumbuka ratiba mpya ya Mwalimu Mkuu. Hesabu ni tableti, vipindi vyote.

Nimevifungua. Nimeufunga ufagio tena, nikafagia ua.