Sapu ya Danieli

Jumatano, 2 Agosti 2006

Dizeli imeisha saa tano asubuhi, foleni ya madebe bado ndefu. Nimewaambia wanawake waache mahindi yao, kesho watakuta unga. Wamenung'unika. Watarudi tu. Upande huu wa Tlawi mashine ya kusaga ni hii moja, na niliisimamisha mwenyewe, mjane wa darasa la saba.

Jioni Danieli kafika na basi la Arusha. Kakonda. Kanipa shikamoo, kaingiza begi, kala. Ugali ulipoisha ndipo akasema. Ana sapu. Somo moja la baiolojia kaanguka, anarudia mtihani Septemba. Akianguka tena anadisko. Nilidhani ni muziki. Kumbe ni kufukuzwa chuo.

Mwaka wa tatu! Alibakiza kuitwa mwalimu tu.

Ijumaa, 4 Agosti

Leo kanieleza. Swali la kwanza, la lazima, lilitaka ushahidi wa mageuko: binadamu katokea wapi. Majibu anayajua. Kanisimulia mafuvu na mifupa mpaka nikachoka. Lakini hakuyaandika. Aliandika Mwanzo sura ya kwanza, kurasa nne, muda ukamwishia. Kapata thelathini na moja. Kufaulu ni arobaini.

Hasira imenipanda. Mimi pia naamini Mungu aliumba. Nimebatizwa, sadaka natoa. Lakini mwalimu anakuuliza alichofundisha, hakuulizi umeokoka lini. Nikamwambia andika wanachotaka, chukua cheti, rudi uamini utakavyo.

"Mama, wakikulipa uandike kwamba mimi si mwanao, utaandika?"

Swali baya hilo.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza jikoni. Yeye hajabatizwa, anaomba kama walivyoomba wazee wake. "Mungu wenu huyo anaogopa karatasi?" Akacheka peke yake. "Na nyani wa bondeni wanaiba mahindi yangu kwa zamu, mmoja analinda. Kama si ndugu zetu, wamejifunza kwa nani?"

Danieli hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikajuta.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimepata njia. Mtihani wa kurudia una maswali manne kama ule wa kwanza, kila moja alama ishirini na tano. La mageuko ni moja tu. Aliache wazi. Zinabaki sabini na tano, yeye anahitaji arobaini. Hayo mengine ni mambo ya urithi, kwa nini ng'ombe mweusi huzaa ndama mwekundu. Dhambi iko wapi hapo? Kuacha swali si kumkana Mungu, ni kunyamaza. Hata Yesu alinyamaza mbele ya Pilato. Hilo ndilo lililomgusa.

Alifikiri siku mbili. Leo kakubali. Usingizi umenirudia.

Jumapili, 3 Septemba

Mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji. Nilitaka maombi ya mtihani tu, kama wanavyoombewa watoto wa darasa la saba. Nikamweleza na kisa chote. Mjinga mimi.

Ibada katikati akamwita mbele. "Tunaye Danieli wetu, anakwenda kwenye tundu la simba!" Vigelegele. Mimi nilimpa jina la mjomba wangu, fundi baiskeli, hakuwahi kuona simba hata siku moja. Wazee wakamwekea mikono. Mchungaji akasema huyu kijana hatanyamaza mbele ya maprofesa. Hatanyamaza. Nikamwona mtoto wangu ananyoosha mgongo, nikajua hesabu yangu imekufa.

Binti wa mchungaji ni daktari, kasoma chuo cha serikali vilevile. Alijibu maswali yote. Yeye hakuitwa kwenda kwa simba.

Nilimfuata mchungaji nje. "Mama Danieli, mtegemee Bwana." Nikamwambia Bwana hasahihishi mitihani. Akageuka kusalimia wengine.

Jumanne, 5 Septemba

Kaondoka alfajiri. Nilimkumbusha kabla hajapanda basi: arobaini kati ya sabini na tano. "Ndiyo, mama." Hakunitazama.

Alhamisi, 14 Septemba

Mtandao unashika kule juu shuleni tu. Nimepanda, nimempigia. Ana furaha, sauti kama ya mtu aliyeoa.

"Mama, nimeshuhudia! Kitabu chote cha majibu, mwanzo mpaka mwisho."

Na yale matatu?

"Sikuyagusa. Wangesema natafuta alama."

Sifuri. Hii haihitaji kalamu.

Jumamosi, 30 Septemba

Kadisko. Majina yamebandikwa chuoni, mwenzake kampigia alipopanda kule shuleni. Yeye yuko hapa tangu juzi.

Kwaya wamekuja kumpongeza. Wameniita mama wa shujaa. Wamekula kuku wangu wawili, wameomba chumvi.

Sekondari ya kata tumeijenga kwa mikono yetu. Nilibeba mawe pamoja na hao hao wanakwaya. Madarasa yapo, mwalimu wa sayansi hakuna. Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu tulieni, anakuja wa kwetu. Nimemuuliza kiongozi wa kwaya: sasa wanao watafundishwa na nani? Akasema Mungu atainua mwingine. Nikaondoa sahani.

Jumatano, 18 Oktoba

Mvua bado. Mahindi ghalani yamepungua, wateja wachache.

Danieli anafagia mashineni, anapima madebe, anasaidia kina mama kujitwika. Wanampenda. Amenenepa kidogo. Analala fofofo. Sijamwona na amani kama hii tangu azaliwe, na mimi ndiyo inaniua, maana sina pa kumshika. Simlaumu tena. Nimechoka kulaumu.

Mchana alikaa mlangoni akaimba tenzi. Sauti nzuri, siwezi kusema uongo. Hapakuwa na mteja, wala punje ya kusaga.

Nikawasha mashine. Ikazunguka tupu mpaka aliponyamaza.