Sahihi ya Pili

Skogen, North Dakota
3 Februari 1974

Mwanangu Orrin,

Hujambo huko kambini? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti lanisumbua kwa baridi. Barua yako ilikuwa mistari mitatu tu, na wewe ni msemaji. Unanificha nini?

Mama yako

Kambini
14 Februari

Mama mpenzi,

Sijambo, pole na goti. Bomu la nyuklia tulilokuwa tukilipakia kwenye ndege lilianguka kutoka kwenye toroli, likabonyea. Kwa jeshi, likivuja ni ajali, likibonyea tu ni tukio dogo. Mimi niliona unyevu, nikaufuta kwa glavu. Mkono unaniwasha siku ya nne leo. Kapteni anataka tuandike tukio dogo. Kazi yetu haifanywi na mtu mmoja, hata ripoti ina sahihi mbili. Mwenzangu Verlyn keshatia yake. “Mkono unakuwasha kwa sababu huogi!” kanicheka.

Mwanao, Orrin

Skogen
22 Februari

Mwanangu,

Mkono unaendeleaje? Usisaini. Saratani ya damu ilipomchukua baba yako, aliyepakia mabomu kama wewe, mwanasheria aliniambia sheria inamfidia aliyedhuriwa na mionzi, ila tukio lithibitike kwanza. Jeshi likajibu hakuna kilichovuja. Juzi nimefungua sanduku lake la zana nikakuta ripoti. Neno “kimevuja” limekatwa, juu yake mkono mwingine umeandika “hakikuvuja”. Chini kuna sahihi ya baba yako. Nakutumia uione. Nimekuombea hadi goti likagoma.

Mama yako

Kambini
9 Machi

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mkono umeanza kuchubuka. Sikusaini. Wamesema akili yangu si ya kuaminika, wakanipeleka jikoni kumenya viazi. Jana kaja Verlyn na kisu chake, eti naye kafuta sahihi. “Sogea huko, mtakatifu!” Nilitaka kumkumbatia. Lakini kiazi kimoja anakimenya robo saa, na kila kiazi kina swali: mama yako anaandika nini? Ile karatasi iko wapi? Nakurudishia karatasi ya baba humu humu. Ukiipata nijulishe.

Mwanao, Orrin

Skogen
17 Machi

Mwanangu,

Mungu akuponye mkono huo. Bahasha imefika, imepakwa gundi mara mbili. Barua yako imo. Karatasi ya baba yako haimo.

Usihuzunike. Uliyokuwa nayo ni kopi niliyoitoa kwa mashine ya maktaba. Yenyewe ipo, na mahali ilipo sitapaandika hapa.

Nawasalimu wanaosoma hii kabla yako. Verlyn mwambie namwombea. Wewe usisaini.

Mama yako