Roboti Isiyojua Kona

Alhamisi, Julai. Baridi imeingia mpaka kwenye viungo vya vidole, na tangu asubuhi Mlima Meru haujaonekana.

Naandika nikiwa nimeshindwa.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba tangu Aprili nimekuwa nikienda kwenye sekondari moja ya wasichana hapa Sakina kusaidia klabu ya roboti. Ni wasichana watano wa kidato cha nne, na mashindano ni Jumamosi. Hawatapata mwaka mwingine. Mkono wa kuokota mipira wameuunda wenyewe, na programu wameiandika wenyewe. Mimi walinikabidhi sehemu ya chini: fremu, mota, cheni na magurudumu manne. Ndiyo kazi niliyoisomea kabla sijavuka mpaka kutoka Burundi, wakati huo nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu.

Leo tumeiweka sakafuni kwa mara ya kwanza ikiwa na uzito wote. Imekwenda mbele vizuri. Imerudi nyuma vizuri. Ilipotakiwa kugeuka ikatetemeka, mota zikanguruma, cheni ya kushoto ikaruka.

"Hili ni basi la Namanga," akasema Upendo, mcheshi wao. "Kona halijui."

Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikasema betri imeisha nguvu. Wakabadilisha betri. Cheni ikaruka tena. Nikasema imelegea. Wakaikaza.

Nilishajua. Nilijua ilipotetemeka mara ya kwanza.

Roboti ya namna hii haina usukani. Hugeuka kwa magurudumu ya upande mmoja kwenda mbele na ya upande wa pili kurudi nyuma, na hapo matairi hayana budi kuburuzika kiubavu. Fremu ikiwa ndefu na nyembamba, mota haziwezi kuyaburuza. Yangu ina urefu wa sentimita themanini na upana wa thelathini na tano. Niliirefusha kwa kuogopa isipinduke ikipanda jukwaa la mashindano. Niliwaza kupinduka tu.

Wengine walipokwenda kuchukua chai, Naserian, yule mpole anayetunza daftari la vipimo, alinifungulia ukurasa wa mwezi wa tano. Alikuwa ameichora fremu yangu, na kando yake nyingine fupi zaidi, pamoja na hesabu yote. Hesabu sahihi.

"Uliona tangu wakati ule?"

"Ndiyo, Babu."

"Mbona hukuniambia?"

Akaangalia chini. "Ningeanzaje, Babu?"

Kila nikiingia wananiamkia shikamoo wakiwa wamesimama, nami napenda. Nikisema jambo, linaandikwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na mimi nilidhani ni kwa sababu naeleweka.

Ukimya ule naujua. Miaka kumi na minne nilifanya kazi kiwandani hapa mjini, nikaona mashine zikifungwa vibaya mbele ya macho yangu, nikanyamaza, kwa kuwa nilijihesabu mgeni, na mgeni atamsahihishaje mwenye nyumba? Niliamini nikija kuwa mzee nitakuwa mtu anayeambilika.

Na kibaya zaidi ni hiki: waliporudi na chai, sikuwaambia. Nilisema tutaangalia kesho. Naserian akafunga daftari lake. Wameondoka wakiamini ni cheni.

Imebaki siku moja. Tukikata sentimita ishirini na tano na kutoboa upya, huenda ikageuka. Huenda pia ikapinduka, na muda wa kujaribu hautakuwepo. Kwa kweli sioni namna. Jumamosi watasimama mbele ya watu na kitu kinachokwenda mbele na nyuma tu, na wakiulizwa watasema wamekosea wao, maana ndivyo walivyolelewa.

Saa moja asubuhi nitakuwa langoni na msumeno wa chuma. Sijui nianze kukata au kuomba radhi.