Gauni la Kukadiria kwa Macho

2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yako tu.

Daktari wako kanisomea majibu kwa simu: kingamwili hazikupanda hata kidogo. Ulikimbilia chanjo mapema mno, Baba. Saratani yako ilianzia kwenye seli B, na dawa ikazifagia zote, mbovu na nzima. Hizo ndizo zinazotengeneza kingamwili, kwa hiyo chanjo ilikuta nyumba tupu. Funga mlango wa chumba cha kushonea hadi seli mpya zimee, miezi sita hivi au zaidi. Mteja asiingie. Mafua ya mtu mwingine, kwako ni kulazwa.

Julai nitakuja, siku nne.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nami sijambo, japo sina wa kumwambia.

Somo lako nimelielewa kifundi. Kila seli B inajua mshono wake mmoja tu. Ikikutana na kijidudu anayelingana na mshono huo, inaongezeka, inatoa kingamwili za kumbana, na nyingine hubaki na kipimo chake ili akirudi kazi iwe ya haraka. Kumbe mimi nimefukuza mafundi wote kwa ajili ya mwizi mmoja.

Wateja wananipitishia vitambaa dirishani na kutaja vipimo vyao wenyewe. Wanadanganya wote, hasa kiuno. Jana mpita njia kamsalimia mwenzake, nikaitikia mimi. Upweke umenishika, sikufichi.

Nakushonea gauni kwa vipimo ulivyoniachia miaka sita iliyopita. Utalijaribu ukija.

Baba yako

16 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama, mimi mzima isipokuwa haya mafua, nayo yanaisha.

Nisamehe. Yalinianza safarini, na siku zote nne nikasimama nje ya kioo cha dirisha kama mgeni. Ulikuwa hapo hapo, nami hata mkono sikukushika. Nililia njia nzima. Gauni lenyewe sikulijaribu. Ulinitazama sana, juu hadi chini. Naomba isiwe ulinikasirikia.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Seli B zimeanza kuonekana, chache. Daktari anasema zikiongezeka nitachanjwa upya.

Sikukasirika. Nilikuwa nakupima.

Gauni nimelituma. Nimelipunguza inchi nne kiunoni na moja kila bega, kwa kukadiria kwa macho tu, na najua sijakosea. Barua zako zote zinaanza na "mimi mzima", nami nikawa naamini kama ninavyoandika viuno vya wateja.

Mimi nimefungiwa ndani kwa kukosa kingamwili. Wewe uko nje, mwanangu. Unakula na nani?

Baba yako