Mdomo wa Katani

Jumatatu, 5 Mei
Uji, vidonge vitatu, kisha kibarazani. Kiduchu amefukua tena chini ya ghala. Panya wawili, shingo zimevunjika. Hakula hata mmoja.

Niandike sasa, mkono ungali unashika kalamu. Nimeficha kwa miaka kumi na saba kwamba mbuzi wa Mama Zaina waliuawa na mbwa wangu Katani, jike ambaye Kiduchu ni wa uzao wake. Mbwa wa Saning'o, mfugaji aliyekuwa jirani yetu, alikufa kwa kosa hilo. Leo nimemwambia binti yangu Mwanaidi ampigie Saning'o simu huko Mikumi. Aje. Sababu sikuitaja.

Jumatano, 7 Mei
Mvua. Kifua kinabana. Saning'o hajajibu.

Nawafikiria mbwa hawa. Aliyewaleta hapa Kimamba ni meneja wa shamba la mkonge, ghala lilipojaa panya. Mimi nilikuwa karani wa ghala. Alipoondoka aliniachia jike mmoja, Katani, na kitabu. Teria, kilisema, ni mbwa wa Uingereza. Jina lake latokana na neno la kale lenye maana ya ardhi, kwa kuwa wawindaji walimzalisha aingie mashimoni kuwatoa mbweha. Mdogo, nywele ngumu, taya kama koleo. Hangoji amri, maana huko chini hakuna wa kumwamuru. Hukamata shingo, hutikisa mara moja, huacha, hutafuta mwingine. Haui kwa njaa.

Msikitini walinong'ona: Mwislamu na mbwa! Nilijibu kuwa analinda ghala. Ukweli ni kwamba nilijivunia.

Ijumaa, 9 Mei
Saning'o atakuja Jumapili. Naogopa kama mtoto.

Asubuhi ile, miaka kumi na saba iliyopita, watoto wanne wa mbuzi wa Mama Zaina walikutwa wamekufa zizini. Hawakuliwa. Simba, mbwa wa Saning'o, alikuwa ameonekana akipita hapo jioni. Ikatosha. Tangu ng'ombe wake walipoingia kwenye mahindi yetu, sisi wakulima tulikuwa tunasubiri sababu.

Kikao cha kijiji kilikaa shuleni. Mizoga ikaletwa. Mwenyekiti akanigeukia: "Karani, hapa wewe ndiye profesa wa mbwa. Meno haya ya nani?" Watu wakacheka. Nikainama. Matundu madogo, yamekaribiana. Nikasema ni ya mbwa mkubwa.

Simba alikulia kati ya mbuzi. Alilala na ndama. Kwa desturi ya kijiji, mwenye mbwa humwua mwenyewe, mbele ya watu. Saning'o alimwita kwa jina, naye akaja akitikisa mkia.

Baada ya hapo hakuna aliyempisha kwenda mtoni na mifugo. Kabla ya mavuno akahama. Watoto wake wawili waliacha shule.

Jumapili, 11 Mei
Amekuja. Bodaboda kutoka stendi, shuka limerukiwa na matope, kibuyu cha maziwa mkononi. Ana mvi sasa.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Saning'o."

Kiduchu akamnusa miguu.

"Hawa wako bado wafupi hivi hivi? Huwalishi?"

"Huyo anakula kuliko mimi," Mwanaidi akasema, akaingia ndani kuchemsha chai.

Nikamwambia. Kwamba ni Katani. Kwamba kikaoni niliyasoma vibaya majeraha, nikagundua baadaye, yeye akiwa ameshahama. Nikaona haya kumtafuta.

Chai ikaletwa, ikapoa. Akasema siku ile Simba alimwangalia usoni hadi mwisho. Kisha akasema, "Binadamu hukosea, Karani. Ungekuwa ulijua siku ile, hilo lingekuwa neno jingine. Lakini hukujua. Mimi sina kitu nawe."

Akanimiminia maziwa. Nikanywa. Aliondoka mapema, awahi gari la Mikumi.

Jumanne, 13 Mei
Kumetulia. Mwanaidi anachambua mchele. Kiduchu amelala miguuni pangu. Maziwa ya Saning'o yamebaki nusu kibuyu. Sijayagusa tena.

Sikugundua baadaye. Alfajiri ile, kabla Mama Zaina hajapiga yowe, Katani alirudi na manyoya meupe ya mbuzi yamenasa menoni. Nilijua wakimwona watataka nimwue. Nikamshika, nikamwosha mdomo kwa maji ya ndoo mpaka ukatakata. Kisha nikanawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuhusu mate ya mbwa. Nikaswali. Nikaenda kikaoni.