Taa ya Malek Iliyomchukua Mama

Queensbury, London
11 Januari 1979

Dada yangu mpenzi Shirin,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Hujambo huko Tanga, na shemeji Firoz mgongo umempoa? Sisi wazima wa mwili, ila mimi moyo umenijaa, na nisipokuandikia wewe nitagombana na mtu.

Mama amehamia kwa Malek. Miaka sita nimekaa naye, nimempikia, nimempeleka hospitali akatolewa mtoto wa jicho. Alikwenda kwa kitinda mimba wetu kulala siku mbili, leo wiki ya tatu. Sababu ni taa.

Usicheke. Ni taa ya kutoka Denmaki, inaning'inia juu ya meza ya kulia, vifuniko vyake vimepangwa kimoja juu ya kingine hata globu huioni. Mwanga unashuka taratibu. Huku jua linazama saa kumi jioni, na globu yangu, asema Mama, inamchoma macho. Kwa Malek anasoma msahafu wake bila kukinga uso kwa mkono. Naona wivu, dada, wala sioni haya kukwambia. Niliyemtia dawa ya macho ni mimi, inayosifiwa ni taa.

Basi nikaenda hadi soko la Walthamstow, nikapata ya mtumba inayofanana nayo. Nikamwambia fundi aifunge juu kabisa darini, kama tulivyozoea kwetu Unguja, iangaze chumba kizima. Jumapili wakaja kula. Mama akakaa, akainua macho, akakutana na globu, akakinga uso vilevile. Nilitamani kuing'oa.

Malek alizima umeme, akapanda kiti, akaufungua waya uliokunjwa, akaishusha taa mpaka ikabaki kama dhiraa moja na nusu juu ya meza. Kumbe taa hizi ni za meza, si za chumba. Hata kwa kulijua hilo nilimwonea wivu.

Umeme uliporudi, Mama akashusha mkono, akanitazama nilipokaa mbele yake. Akanitazama sana.

"Nasim, mbona una mvi? Tokea lini?"

"Tokea Malek hajanunua taa, Mama."

Hakucheka. Akamwambia Malek aende kwake akamletee begi lake la nguo.

Nisalimie Firoz, Khala Gulshan na watoto wote. Mungu akulindeni na akupeni afya mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko Malek,
Nasim