Ornella Amechanjwa, Sasa Naogopa Safari

Mama yangu mpendwa,

Kwanza nikuulize magoti: yanakufikisha shambani siku hizi, au bado unayabembeleza kila asubuhi? Na mihogo imestahimili mvua? Sisi hapa Gitega tunaamka, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu hautulii, na sababu ni mjukuu wako.

Surua imeingia mtaani kwetu. Mtoto wa jirani ninayechota naye maji alilazwa, macho yamevimba, na mimi kila jioni nikawa nampapasa Ornella shingoni kuona kama ana homa. Unakumbuka chanjo yake ilivyokwama. Ulinishauri, "Mwambie mnakuja kwangu, mvike gauni la safari," kama mlivyotudanganya sisi utotoni kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Sisi tulilia, tukapewa biskuti, tukasahau. Ornella hasahau. Alipoona sindano badala ya basi, alinichomoka mikononi hadi barabarani, na kijana wa pikipiki alifunga breki mpaka akaanguka. Tangu siku ile nikitaja Butihinda, huko kwako, au nikisema "bibi", anaingia chini ya kitanda na kuziba masikio.

Mara hii mume wangu Désiré alitaka wanaume wa mtaani wamshike kwa nguvu. Nilikataa, tukagombana. Niliogopa surua, na niliogopa vilevile kwamba wakimshika hivyo hatanipa mkono wake tena. Nikaenda peke yangu kwa muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Nikamweleza kuwa mtoto ana usonji, hiyo wanayoiita otisme.

"Dada, mi nakuomba, usimudanganye tena," akasema. "Huyu mutoto iko anashika maneno vile unayasema. Mwambie sindano iko, itauma kidogo, kisha inaisha. Na umufundishe mwisho iko wapi."

Basi kila siku baada ya uji nikawa namgusa mkono kwa kifuniko cha kalamu ya bic, tukihesabu kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu. Mara ya kwanza alinirushia bakuli. Baadaye akawa ananiletea kifuniko mwenyewe.

Siku yenyewe tulipitia mlango wa nyuma wa zahanati, kabla watoto wengine hawajaanza kulia. Désiré alisimama getini kuzuia njia. Muuguzi akamwonyesha mikono yote miwili, mitupu, kisha akasema, "Sasa nachukua sindano." Ornella akahesabu. Kwenye kabiri aliniuma bega, alama ipo mpaka leo, lakini hakukimbia. Ilipokwisha akaishika mikono ya muuguzi, akaigeuzageuza, akaona haina kitu. Akasema, "Biraheze," yaani imekwisha. Nililia mimi, mpaka muuguzi akanicheka.

Sasa hofu yangu ni safari. Tunakuja shule ikifungwa. Nimemwambia ukweli: tunakwenda kwa bibi, kula na kulala, sindano hakuna. Akaziba masikio. Kwenye basi hakuna mlango wa nyuma wala mtu wa kusimama getini, na ninaota anaruka kabla hatujafika Muyinga. Na hata nikimfikisha salama, naogopa atakuona akimbie, nawe ubaki ukidhani mjukuu wako hakupendi.

Nisalimie baba mdogo na mbuzi wake wasumbufu, na shangazi msuka mikeka. Mwambie mkeka ule wa mwisho Ornella hamruhusu mtu mwingine kuulalia. Jirani yako wa kanisani naye atuombee njiani.

Nina ombi moja tu. Ukituona tunashuka, usikimbie kumkumbatia. Simama mbali kidogo, unyooshe mikono, umwache aje aigeuze mwenyewe. Nakujua, hujawahi kumpokea mtoto mikono mitupu. Utakuwa na ndizi umeificha ndani ya kitenge. Iache ndizi nyumbani, Mama.

Mwanao anayekuja na hofu yake,
Goreth